Kasi ya Vitu Visivyokuwepo

Jina lake lilikuwa limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa za buluu, lake na la baba yake, chini ya mchoro ambao hakuwahi kuuona maishani mwake.

Mama Pacha aliganda, kikombe cha chai mkononi.

Mchoro, uliomulikwa kutoka kwenye kompyuta, ulikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza, ya toleo la zamani la lugha ya programu waliyoitumia kazini, ilikuwa ndefu mpaka inakaribia dari. Ya pili, ya toleo la kati, ilikuwa fupi zaidi. Ya tatu, ya toleo jipya, haikuwa nguzo hata. Ilikuwa kamstari kembamba kalikokaa chini kama uzi uliodondoka sakafuni. Juu yake pameandikwa: "Muda wa kuunda vitu."

"Kama mnavyoona," alisema kijana mtanashati aliyesimama mbele, "toleo jipya lina kasi ambayo, kwa kweli, hata kuichora ni shida."

Wageni kutoka kwa mteja wakacheka. Huyo kijana ofisi nzima ilimwita Bwana Slaidi, kwa sababu ukimpa habari yoyote, hata ya choo kuziba, angeirudisha ikiwa na rangi na mishale. Mama Pacha hakuwahi kuwa na kisa naye. Lakini pale alihisi damu ikimpanda taratibu, kutoka tumboni, kifuani, mpaka masikioni.

Kwa sababu vipimo alivifanya yeye kweli. Ila si hivyo.

Kampuni yao ilitengeneza programu ya kituo cha simu za dharura, pale watu wanapopiga wakiomba gari la wagonjwa. Kila simu inayoingia, programu inaiundia kitu chake ndani ya kumbukumbu ya kompyuta: kibunda cha habari chenye namba ya mpigaji, mahali alipo, anachoumwa, gari lililo karibu, dereva wake, hospitali yenye nafasi, na vibunda vingine vidogo vimening'inia humo kama funguo kwenye pete. Simu ikiisha, kibunda kinafagiliwa ili kupisha kingine. Siku tulivu, hakuna anayejali kitu kinaundwa kwa kasi gani. Siku ya mvua kubwa, barabara zikiteleza na simu zikimiminika, hapo ndipo kasi inapokuwa na maana.

Lugha waliyoitumia ilikuwa imetoa toleo jipya. Mkurugenzi alitaka kuhamia huko, akamwambia Mama Pacha apime. Naye akapima kama anavyopima siku zote, kwa makini kupita kiasi. Alitumia kompyuta ileile kwa matoleo yote matatu. Alizima kila programu nyingine. Aliacha kila toleo lipate moto kwanza kabla ya kuanza kuhesabu, akarudia na kurudia mpaka wenzake wakamwuliza kama kompyuta imemkosea nini. Majibu yalitoka wazi: kwa vitu vidogo, toleo jipya lilikuwa bora kidogo. Kwa vitu vikubwa vyenye matawi, vile vya simu za dharura, toleo jipya lilikuwa baya kuliko hata la zamani. La kati ndilo lililokuwa sawa. Aliandika hayo katika jedwali fupi, akamkabidhi mkurugenzi, akaenda zake kuendelea na kazi.

Sasa jedwali lake lilikuwa limegeuka uzi wa buluu.

Alimtazama mkurugenzi, aliyekaa mwisho wa meza, mguu juu ya mguu, akitabasamu na wageni. Mkurugenzi huyo alikuwa dada mkubwa wa mume wake. Ofisini Mama Pacha alijitahidi kumwita "Mkurugenzi," lakini mazoea yana taabu, mara nyingi lilimponyoka "wifi." Wageni wakimsikia akiuliza "Wifi yuko wapi?" walimwonyesha karatasi ya neno la siri la intaneti iliyobandikwa ukutani.

"Samahani," Mama Pacha alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Hicho kipimo..."

"Maswali ya ndani tutayamaliza ndani, wifi," alisema mkurugenzi kwa upole uliokuwa na kufuli. "Tusiwachoshe wageni wetu."

Mgeni mkubwa, mwanamume mwenye macho mekundu ya uchovu, Mkuu wa Zamu wa kituo cha simu, alimtupia jicho Mama Pacha. Akasubiri kidogo. Mama Pacha akafungua mdomo, akaona nyuso zote zimemgeukia, akaufunga. Mkuu wa Zamu akatikisa kichwa kukubali, wakapanga kwamba kuhamia toleo jipya kungefanyika mwishoni mwa wiki. Wakapeana mikono. Wakapiga na picha.

Mlango ulipofungwa tu nyuma ya wageni, Mama Pacha alikuwa tayari ndani ya ofisi ya mkurugenzi, na Bwana Slaidi akimfuata nyuma na kompyuta yake kwapani kama mtoto aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

"Nani kaandika jina langu pale?"

"Kaa kwanza," alisema mkurugenzi.

"Sikai. Nani kaandika jina langu?"

"Wewe si ndiye uliyepima?"

"Nilichopima mimi hakipo pale ukutani! Mstari wa vitu vikubwa uko wapi?"

Mkurugenzi alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya mtandio wake. "Ule mstari ulikuwa unachanganya watu. Unawaambia wateja kwamba jipya ni zuri, halafu hapohapo unawaambia ni baya. Tukauondoa. Ni mstari mmoja tu."

"Ndio mstari wa simu zao, wifi! Hivyo vingine vyote havina kazi kwao. Umeondoa nyama ukawaachia sahani."

"Na nguzo zile umezipata wapi?" Mama Pacha alimgeukia Bwana Slaidi. "Maana hata vitu vidogo mimi sikupata tofauti ya namna ile."

Bwana Slaidi akakohoa. "Nilirahisisha kipimo kidogo, dada. Chako kilikuwa kirefu. Changu kinaunda vitu vingi mfululizo, basi, halafu kinaangalia saa."

"Nionyeshe."

Akafungua kompyuta. Mama Pacha aliinama, akasoma. Hakuhitaji kusoma sana. Akacheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha hata chembe.

"Hivi vitu ukishaviunda, unavifanyia nini?"

"Sivifanyii kitu. Naunda tu."

"Haya. Toleo jipya ni janja. Linaangalia mbele, linaona hakuna mtu atakayekuja kuuliza habari za hivi vitu. Kwa hiyo haliviundi kabisa. Linaruka. Hukupima kasi ya kuunda, kaka yangu, umepima kasi ya kutofanya kazi. Ni sawa na kumsifu fundi kwamba kajenga nyumba mia kabla ya chakula cha mchana, kumbe kaona hakuna atakayehamia, akalala kivulini."

Bwana Slaidi alibaki akiutazama ule uzi wake wa buluu. Masikini, ilionekana wazi kwamba hakujua. Hilo lilimpunguzia Mama Pacha hasira kwa upande wa kijana, lakini ikahamia yote upande wa pili wa meza.

"Yeye hakujua," alisema. "Wewe jedwali langu ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo." Mkurugenzi alirudisha miwani. "Na nilikuwa na ahadi pia. Niliwaahidi hawa watu tangu mwaka jana kwamba toleo jipya litawaongezea kasi. Kampuni nyingine zinawanyemelea kila siku. Ulitaka niende niwaambie nini, kwamba nilibahatisha?"

"Ndiyo!"

"Programu haitakufa, wifi. Itachelewa kidogo tu."

"Kidogo cha nani? Cha kwako uliyekaa kwenye kiti, au cha mtu ambaye mtoto wake hapumui?"

Bwana Slaidi alitamani sakafu immeze.

"Usinipandishie sauti," mkurugenzi alisema polepole. "Mimi ni mkubwa wako."

"Ukubwa wa nyumbani nauheshimu, na ukija kwetu nitakupokea mkoba kama siku zote. Hapa umewapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe umeiandika jina langu."

Akatoka. Alifika kwenye meza yake, akakusanya vitu vyake, akasahau koti, akarudi kulichukua, jambo ambalo lilimharibia kabisa utamu wa kuondoka kwa hasira.

Nyumbani, mume wake alikuwa amefungua friji la jirani katikati ya sebule. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji, na hapakuwa na jirani aliyekubali kwamba fundi naye hupumzika. Pacha walikuwa wamejipanga kando yake, mmoja ameshika tochi, mwingine ameshika misumari ya skrubu akiiita wanajeshi wake.

Alimsikiliza mkewe mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akaketi juu ya sakafu na kuifuta mikono.

"Huyo ni dada yangu. Wewe ni mke wangu. Mimi unataka nisimame wapi?"

"Simama upande wa ukweli."

"Huo upande una nafasi ya kulala? Maana naona nitafukuzwa kwingine kote."

Mama Pacha hakuweza kujizuia, akacheka kidogo. Halafu akakasirika zaidi kwa sababu amecheka. "Sifanyi mzaha, Baba Pacha. Siku programu itakapokwama, watasema nani kapima? Watafungua karatasi, watasoma jina langu. Watasoma jina la baba yangu."

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, nasikia umemfokea mwenzako ofisini mbele ya watu."

"Shikamoo, mama. Mbele ya mtu mmoja tu."

"Marahaba. Kisa?"

Mama Pacha akajaribu kueleza. Matoleo, nguzo, vitu vinavyoundwa na visivyoundwa. Upande wa pili mama mkwe aliguna kwa heshima kila baada ya sentensi, kama mtu anayesikiliza redio ya nchi jirani. Mwishowe akamkatiza.

"Ngoja. Jina lako wameliweka kwenye karatasi?"

"Wameliweka, mama."

"Na wewe hukuandika hayo maneno?"

"Sikuandika."

"Basi wameghushi! Nenda polisi!"

"Mama, ni binti yako."

"Basi usiende polisi," alisema mama mkwe. "Lakini na usinyamaze. Huyo tangu mdogo akidanganya na mtu akanyamaza, anadhani ameaminiwa."

Kesho yake asubuhi, Mama Pacha aliingia ofisini mapema na kumkuta mkurugenzi akifungua madirisha. Hawakusalimiana.

"Sitaki kupita mlango wa nyuma," Mama Pacha alisema. "Ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe. Naenda kituoni sasa hivi kuwaonyesha kipimo changu kamili. Ukitaka, twende wote."

"Ukienda, usirudi."

"Sawa."

Alikuwa ameshajiandaa kwa jibu hilo, na bado lilimchoma. Njia nzima alibishana na wifi yake kichwani, na humo kichwani alishinda kila mara.

Chumba cha simu cha kituo kilikuwa kirefu, chenye dari ya chini na mapazia yaliyofungwa ili mwanga usisumbue skrini. Wapokeaji walikaa safu mbili, vipokezi vichwani, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mmoja alikuwa amevua viatu. Mwingine alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, "Usimnyanyue, baba. Mwache hapohapo. Gari limeshatoka, mimi niko na wewe." Hakuna aliyeinua macho. Mama Pacha alikuwa ameandika programu ya watu hawa kwa miaka, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuwasikia wakiitumia.

Alimweleza Mkuu wa Zamu alichojia. Yule mtu mwenye macho mekundu alisikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni, bila kumsaidia kwa swali hata moja. Alipomaliza, alimwongoza kwenye kona penye kompyuta za mafunzo, zisizounganishwa na simu za kweli.

"Maneno nilishayasikia jana," alisema. "Nionyeshe."

Mama Pacha alichukua kumbukumbu za simu za siku moja ya mvua ya msimu uliopita, zilizofutwa majina, akazipanga zimiminike ndani ya programu kama zilivyomiminika siku ile. Mpokeaji mmoja, dada wa makamo mwenye miwani ya kamba, akavutwa kutoka mapumzikoni akae mbele ya skrini. Mwenzake akapewa simu ya mazoezi kwenye chumba cha pili ajifanye mpigaji.

Wakaanza na toleo la zamani. Skrini ilijikongoja, lakini ikafika. Wakaweka la kati. Simu ya mwenzake ilipolia, kibunda chake kilifunguka papo hapo: namba, mtaa, gari la karibu. "Hii ndiyo ninayoitaka," alisema dada wa miwani.

Walipokuwa wakiweka toleo jipya, mlango ulifunguka. Mkurugenzi akaingia, akihema, mkoba kwapani. Mama Pacha alimwona, akarudisha macho kwenye kazi yake. Mkurugenzi alisimama nyuma ya kiti cha dada wa miwani, mahali ambapo asingeweza kuikwepa skrini.

Simu zikaanza kumiminika. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, vizuri mno, mpaka Mama Pacha akaanza kuingiwa na wasiwasi. Kisha mvua ya simu ikakolea. Kila kibunda kipya kilikuja na matawi yake, na toleo jipya likataka kukagua kila tawi kabla ya kulipokea, huku vibunda vilivyokwisha vikirundikana kungoja kufagiliwa. Programu ikasimamisha kila kitu ili ifagie.

Hapo ndipo simu ya mazoezi ikalia. Dada wa miwani akabonyeza kupokea. Skrini ikabaki nyeupe.

"Halo," ilisema sauti ya mwenzake kwenye spika. "Mume wangu ameanguka bafuni."

Dada wa miwani akabonyeza tena. Nyeupe.

"Halo? Mnanisikia?"

Alijua ni mazoezi. Wote walijua. Hata hivyo mkono wake ulikuwa umeanza kubonyeza kwa fujo, na mdomo wake ukasema wenyewe, "Niko hapa, mama, niko hapa, nakutafuta," kwa mtu aliyekuwa hamsikii. "Halo? Jamani, kuna mtu?" Sauti ile haikuwa ya kuigiza sana tena, kwani mwenzake, huko chumba cha pili, alikuwa ameanza kudhani simu imekatika.

Kisha skrini ikajaa yote kwa mpigo, namba, mtaa, gari, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Dada wa miwani alivua kipokezi akakiweka mezani. Alimgeukia Mkuu wa Zamu. "Hii ndiyo mlikuwa mnatuletea?"

Mkuu wa Zamu alikuwa amewageukia mkurugenzi na Mama Pacha.

"Jana nilipiga picha na nyinyi," alisema. "Nimeituma mpaka nyumbani. Nikamwambia mke wangu, hatimaye tumepata watu wanaojali." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mkurugenzi, wewe umenidanganya. Hilo ninalielewa, wauzaji nawajua. Lakini wewe," akamnyooshea kidole Mama Pacha, "wewe ulikuwepo. Nilikuangalia. Nilikungoja useme. Ukafunga mdomo."

Mama Pacha alitaka kusema kwamba alijaribu, kwamba alikatizwa, kwamba yule ni wifi yake. Yote yalikuwa kweli, na yote yalimfia mdomoni.

"Nilikaa kimya," alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

"Umekuja. Haya." Akapumua. "Tunabaki na toleo la kati. Na kuanzia leo, kipimo chochote kitafanyiwa hapa, kwenye kiti hiki, na mtu wangu amekaa. Slaidi zenu mzipeleke harusini."

Nje, kwenye maegesho, mawifi wawili walisimama kila mmoja upande wake wa gari la mkurugenzi.

"Ungenieleza vizuri," mkurugenzi alisema.

"Nilikueleza."

"Ulinifokea."

"Nilikueleza huku nikifoka. Maneno yalikuwa yaleyale."

Mkurugenzi alifungua mlango wa gari, akaufunga tena. "Yule mama," alisema. "Aliyekuwa anaongea na skrini."

Hakumalizia. Mama Pacha hakumsaidia. Alikuwa bado amekasirika, na hakuona sababu ya kuharakisha.

Hakufukuzwa. Hakuombwa msamaha pia. Jumatatu, kwenye kikao cha wafanyakazi, mkurugenzi alitangaza kwamba kampuni, "baada ya uchunguzi wa kina tulioamua kuufanya kwa hiari yetu," imemshauri mteja abaki na toleo la kati.

"Tulioamua nani?" aliuliza Mama Pacha kutoka nyuma.

Watu wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Bwana Slaidi, ambaye tangu ile siku alikuwa akimletea kila mchoro aukague kwanza, alipatwa na kikohozi cha ghafla. Mkurugenzi alimwangalia wifi yake kwa muda, kama anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuuinua.

"Alioamua kuufanya mpimaji wetu," alisema. "Mimi nilimkataza."

Kikao kikaendelea na habari za maegesho.

Jioni ile, wenzao walipokuwa wakifunga madirisha, mkurugenzi alivuta kiti akaja kukaa kando ya meza ya Mama Pacha. Hakuwahi kukaa pale. Aliweka mezani lile jedwali la awali, lenye mistari yote.

"Hivi hasa kwa nini vikubwa vinachelewa?" aliuliza. "Nieleze toka mwanzo. Mimi kusema kweli sikuwahi kuelewa."

Mama Pacha alimtazama. Alikuwa na maneno mengine mengi aliyoyapanga tangu ile safari ya kwenda kituoni, makali, mazuri, na yote alikuwa ameshinda nayo kichwani. Akavuta karatasi tupu, akachora kibunda cha kwanza na matawi yake, akaanza kumweleza, akiwa bado amenuna.